Barua zenu: Miti wanapanda kila mwaka, msitu uko wapi?

Jamani mmeniandikia mpaka macho yamechoka. Toleo lililopita niliweka hapa mistari minne tu, kwamba shirika moja la wanyamapori la huku kwetu magharibi limetoa ripoti yake ya mwaka na nimependa kitu kimoja ndani yake: badala ya kutuhesabia miti waliyopanda wametuhesabia ile iliyobaki hai, nikasema hongera, hivo ndo inatakiwa. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimerusha jiwe kwenye mzinga. Barua, sms, WhatsApp za sauti za dakika saba (nawaomba, andikeni tu), wengine wanasifu, wengi wanateta.

Kwa wasionijua: mi ni mtoto wa barraki, Kiswahili nilikikuta Bombo kabla sijajua Luganda, alafu miaka tisa niliendesha pikapu ya shirika la aina hiyo kati ya Fort Portal na Hoima. Sio profesa. Ninayoyasema mengine niliyaona kupitia kioo cha mbele na mengine nikiwa nasukuma gari kwenye matope.

Twende.

Mzee, jambo sana. Mimi ni boda hapa Hoima. Kila mwaka magari zinakuja na mabango na tisheti, wakubwa wanapigwa picha na mti mdogo mkononi, tunaambiwa miti elfu na elfu. Miaka kumi na mbili niko kwa hii barabara na msitu sijaona. Wanatula au nini? — Boda, Hoima

Ndugu yangu boda, wengine wanakula, sitakudanganya, lakini hata pale hakuna anayekula miti inakufa, na hiyo ndo habari yenyewe.

Nikupe moja yangu. Mwaka fulani nilipakia miche mia sita kwenye pikapu, musizi na musambya, iko kwenye viriba vyeusi vya plastiki, nikaipeleka shule moja ya msingi nje ya Kyenjojo. Kulikuwa na hema, soda, spika za muziki, mkubwa mmoja kutoka wilayani ambaye alichelewa masaa matatu. Wakubwa walipanda kama kumi hivi, picha zikapigwa, mvua ikatishia, kila mtu akakimbilia gari lake. Iliyobaki waliachiwa watoto wa shule na mwalimu mmoja aliyekuwa na njaa. Mwezi wa pili mwaka uliofuata nikapita pale kwa shughuli nyingine, jua kali, nikaingia kuangalia. Mbuzi walikuwa wamelala katikati. Nikaona kijiti kimekauka nikakivuta, kikatoka chote na kiriba chake, plastiki haikuvuliwa, udongo ndani umekauka ukashika umbo la kiriba kama mandazi ya jana. Nikavuta kingine, hivo hivo. Nilivuta kama ishirini nikaacha, maana nilianza kuona aibu kana kwamba mimi ndo niliipanda. Na kwenye ripoti, ndugu yangu, ile ilikuwa miti mia sita.

Sasa, ng'ambo ya barabara hiyo hiyo kulikuwa na mama mmoja mjane, yeye alipewa miche arobaini tu, akaambiwa pesa kidogo sasa na nyingine baada ya mwaka kwa kila mti utakaokuwa hai. Alizungushia kila mche miiba. Alimwagilia na maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa anajua ni upi unaumwa, anakuonyesha kwa kidole kama anakuonyesha wajukuu. Nilipopita ilikuwa imenifika kiunoni.

Huwezi kumwambia mtu apende mti ambao sio wake, hana ruhusa ya kuukata, hajui utamletea nini, na aliyeuleta haji tena. Ndo maana nikafurahi waliohesabu iliyobaki hai, kwa sababu ukitaka kuhesabu iliyobaki lazima urudi, na ukirudi lazima ukutane na mwenye shamba, na mkikutana lazima muongee.

Na kupanda kwenyewe sio lazima kila mahali. Nenda Kibale. Upande wa kusini wa msitu ule watu walikuwa wamelima kwa miaka, wakatolewa mwaka 1992 (kwa nguvu, na yaliyotokea siku zile wazee wa kule mpaka leo hawapendi kuyataja), mwaka 1993 ikawa hifadhi ya taifa, na ardhi iliyoachwa ikamezwa na yale majani marefu tunayoita bisagazi. Bisagazi yakikauka yanashika moto kila kiangazi, moto unaua miti midogo, majani yanaota tena, miaka inaenda hivo hivo. Kuanzia 1994 kukawa na kazi ya kurudisha miti ya asili kwa pesa za taasisi moja ya Uholanzi iliyoitwa FACE, na vijana wa vijiji vya jirani wakaajiriwa kwenye vitalu, kufyeka, na kubwa kuliko yote kukata njia pana za kuzuia moto na kuzilinda. Moto ukizuiliwa miaka kadhaa, ndege na nyani na ndovu wanaleta mbegu wenyewe kwenye kinyesi, bila tisheti. Kivuli kikishafunga bisagazi hayana nguvu tena.

Elgon je? Wafadhili hao hao, miaka hiyo hiyo. Lakini kule mpaka wa hifadhi ulikuwa na ugomvi, watu wanasema hii ardhi yetu, hifadhi inasema sio yenu, na miti mingi iliyopandwa ikaja kukatwa, mahindi yakapandwa mahali pake. Sasa mwenye akili ajiulize tofauti iko wapi, maana udongo wa Elgon hauna ubaya wowote.

Alafu kuna hili la nchi nzima ambalo linakufanya usione msitu hata kama waliopanda ni waaminifu: mwaka 1990 misitu ilikuwa kama asilimia 24 ya Uganda, kufika 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Mingi iliyopotea haikuwa ndani ya hifadhi, ilikuwa ya watu binafsi. Hapo kwenu Hoima na Kikuube unajua mwenyewe, ile misitu myembamba ya kando ya mito ambayo sokwe wanaitumia kutoka msitu wa Budongo kwenda msitu wa Bugoma iko kwenye mashamba ya watu, mtu anakata mti kulipa school fees, anapanda miwa. Uganda nzima ina sokwe kama 5,000 hivi, na wengine wanapita nyuma ya jiko la mtu kila siku. Huyo mtu asipokuwa na sababu ya kuacha miti, panda elfu na elfu zako.

(Na mkiona mtu anapanda kalitusi kando ya kijito anakwambia anarudisha mazingira, mwambie mi nimesema apeleke kwingine. Kalitusi ni zao zuri, nguzo na kuni, lakini inakunywa maji kama mlevi.)

Mzee habari. Mimi mama ya watoto wanne, natoka Kasese karibu na park. Ndovu zimekula muhogo yangu mara mbili, mahindi mara moja. Watu ya wanyama wanakuja kufundisha tupende wanyama. Mimi nimependa sana lakini watoto watakula nini? — Mama mkulima, Kasese

Nyabo, pole sana, na hiyo sentensi yako ya mwisho ningekuwa na uwezo ningeipiga chapa kwenye ukuta wa kila ofisi.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Asilimia 20 ya pesa ya kuingilia getini kwa kila hifadhi ya taifa inatakiwa kurudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo, na sheria ya wanyamapori ya 2019 imeleta kitu ambacho hakikuwepo zamani, fidia kwa madhara ya wanyama waliotajwa, ndovu akiwa mmoja wao. Kwa hiyo likitokea usiondoe ushahidi kwanza. Piga picha ya nyayo na mashina yaliyovunjwa, mwite mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aone kwa macho yake aandike, na mwite renja wa jamii mapema asubuhi. Karatasi isiyo na muhuri wa LC inalala kwenye droo.

Lakini nikuambie ninavyoona mimi. Ile asilimia 20 inafika gombolola (kata) inajenga darasa, au inaweka bati kwenye zahanati, ni vizuri, ila muhogo ulikuwa wako peke yako na darasa ni la wote. Darasa haliliwi. Hapo ndo hasira inapoanzia na watu wa semina hawaelewi kwa nini mtu aliyejengewa shule bado anaweka sumu. Mwaka 2018 pale Hamukungu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth hapo jirani na kwenu, simba 11 wakiwemo watoto walikutwa wamekufa kwa sumu. Hawakuwa ndovu, na aliyefanya simtetei hata kidogo, lakini sumu haianzi kwenye chupa.

Kinachosaidia shambani ni cha pamoja, peke yako hutaweza. Mitaro imechimbwa sehemu nyingi kuzunguka hifadhi hiyo, mita mbili kwenda chini, na inafanya kazi mpaka mvua inaporudisha udongo ndani, kwa hiyo bila watu wa kuizibua kila msimu ni shimo la kuvunjia miguu ng'ombe. Kuna waya za umeme, sehemu zingine zimeshafika. Kuna pilipili: ndovu pua yake kali kweli, wanachanganya pilipili iliyosagwa na kinyesi chake mwenyewe wanatengeneza matofali, yakikauka wanayachoma usiku upande upepo unakotoka. Na kuna nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, ndovu akigusa waya mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka wanamfuata machoni na ndani ya mkonga ambako ngozi ni laini. Mambo haya yalifanyiwa majaribio Kenya na ndovu wengi wakageuza. Uzuri wa nyuki ni kwamba hata ndovu asipokuja wewe unauza asali. Ubaya ni kwamba mizinga mitupu haimtishi mtu, na ukame ukija nyuki wanahama, kwa hiyo usikubali shirika likuletee mizinga bila mtu wa kukufundisha kuwafuga.

Waulize wanaokuja: mtarudi lini? Wakinyamaza kunywa soda yao, nenda kalime.

Assalam aleikum. Babu yangu alikuwa askari West Nile, alisema waliona vifaru Ajai kama ng'ombe. Nasikia Uganda ina vifaru tena. Ni kweli au ni siasa, na watarudi kwetu? — Muuza vitambaa, Arua

Waaleikum salaam. Babu yako hakudanganya, hifadhi ya Ajai ilitengwa kwa sababu ya vifaru weupe hasa. Vita na bunduki za miaka ya sabini mwishoni zikawamaliza, na kufika mwanzoni mwa miaka ya themanini Uganda haikuwa na kifaru porini hata mmoja, mweupe wala mweusi. Fikiria, nchi nzima.

Waliorudi wako Ziwa, Nakasongola, barabara ya Gulu kilomita kama 170 kutoka Kampala. Jina lisikuchanganye Mswahili mwenzangu, usibebe nyavu, ile ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 2005 walikuja wanne kutoka Solio, Kenya, alafu 2006 wakaletwa wawili kutoka Marekani, kutoka bustani ya wanyama ya Disney kule Florida. Mwaka 2009 akazaliwa wa kwanza, baba yake wa Kenya na mama wa Marekani, sasa wewe ungemwita nani? Wakamwita Obama. Leo wamepita arobaini, na kifaru mweupe anabeba mimba miezi kama 16, kwa hiyo hiyo ni kazi ya uvumilivu.

Niliwahi kuwafuata kwa miguu pale na renja mmoja kijana. Nilimuuliza zamani alifanya nini, akacheka tu. Anawajua kwa mikunjo ya masikio. Analala karibu nao, usiku na mchana wana zamu, mnyama hawi peke yake. Kifaru aliyelala anatoa sauti kama mzee anayekoroma baada ya pilau.

Ila kuna huzuni moja kwa babu yako. Wale wa Ajai walikuwa kifaru mweupe wa kaskazini, na wa Ziwa ni wa kusini, binamu tu. Dume wa mwisho wa kaskazini, Sudan, alikufa Machi 2018 kule Ol Pejeta, Kenya, wakabaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Kwa hiyo wa kurudishwa Ajai ni hao binamu. Mimi naona waje tu. Lakini mkae tayari nyie wa Madi na Arua, ulizeni mapema kazi za ulinzi zitapewa nani, ng'ombe watapita wapi kwenda majini. Hayo huulizwa kabla ya uzio.

Mimi ni muuguzi Kabale. Hawa watu wa gorila wana pesa kuliko hospitali. Kwa nini shirika la wanyama linakuja kufundisha wanawake uzazi wa mpango? Hiyo inahusu nini? — Sista, Kabale

Sista, nikuanze na upele. Mwaka 1996 familia moja ya gorila Bwindi ilionekana manyoya yanatoka, wanajikuna, mtoto akafa. Daktari wa wanyama aliyetumwa alikuwa dada mdogo tu wakati ule, Gladys Kalema-Zikusoka, akakuta ni upele wa kawaida, ule ule wa binadamu. Gorila walikuwa wanatoka msituni wanaingia mashambani kula ndizi, na pale shambani kuna sanamu la kutishia wanyama limevikwa nguo chafu za watu. Gorila kashika, kaupata.

Sasa ukiwa mtu wa gorila utafanya nini, utawafulia nguo wote? Yeye na wenzake mwaka 2003 wakaanzisha Conservation Through Public Health, wazo lao ni kwamba huwezi kutibu gorila ukamwacha jirani yake anakohoa. Wakawachukua watu wa vijijini hapo hapo, waende nyumba kwa nyumba: kifua kikuu, kunawa mikono, choo, na ndio, uzazi wa mpango, kwa sababu kuzunguka Bwindi watu wamebanana na shamba linagawanywa mpaka linakuwa la kulima na kijiko. Hao hao ndo wanaoripoti gorila akitoka. Na wapo wengine, vijana wa HUGO, kazi yao ni kumrudisha gorila msituni taratibu bila kumpiga.

Imesaidia? Hesabu ya 1997 Bwindi ilileta gorila kama 300. Ile ya 2018 ilileta 459, na ukijumlisha na wa milima ya Virunga ikawa 1,063, na mwaka huo huo wakashushwa ngazi moja kwenye orodha ya walio hatarini. Ni wachache mno wanyama wakubwa wa aina hiyo ambao idadi inapanda.

Kuhusu pesa umesema kweli na mimi inanikera. Kibali cha kumwona gorila kwa mgeni kutoka nje ni dola 800 tangu Julai 2024. Zinazotengwa moja kwa moja kwa majirani kwa kila kibali ni dola 10. Kuna ile asilimia 20 ya getini, kuna kazi za hoteli, kuna kahawa ya wakulima wa pale inayonunuliwa bei nzuri, nayakubali yote. Lakini kumi kwa mia nane, sista, hata mimi dereva naweza kugawanya.

Mnaimba jamii, jamii. Na Batwa je? — Kijana, Kisoro

Swali fupi kama kisu. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991 Batwa, wale wenyeji wa msitu walioishi kwa kuwinda na kurina asali, walitolewa msituni, msitu wa Echuya nako mlango ulifungwa, na kwa sababu hawakuwa na shamba lililolimwa wala karatasi, walionekana hawana cha kufidiwa. Mkulima alionyesha migomba. Mtwa angeonyesha nini, asali? Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba iliamua upande wao. Mpaka sasa wengi bado wanaishi kwenye ardhi ya watu.

Nilipelekwa mara moja kwenye ile matembezi ya Batwa kule Mgahinga. Mzee akatuonyesha babu yake alivyowasha moto kwa vijiti, akaimba ndani ya pango, tukapiga makofi. Saa kumi akatoka msituni na sisi kwa sababu haruhusiwi kulala. Sina jibu zuri la kukupa, na nikisoma ripoti yenye neno jamii siku hizi naangalia kwanza kama wamo.

Ssebo, tuna kipande cha ardhi upande wa Mpigi, nusu ni kinamasi. Mume wangu anataka kujaza murram ajenge rentals. Mimi nasema tuache, pale kuna ndege. Nani ako sawa? — Mke mwenye wasiwasi, Mpigi

Wewe. Na mwambie mzee kabla hajanunua tripu ya kwanza ya murram kwamba Katiba ya 1995 inasema vinamasi vinashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na hati zilizotolewa juu ya kinamasi baada ya hapo zinaweza kufutwa. Atajenga, NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, watakuja na greda, atalia.

Upande wa ndege, kama hamjafika Mabamba nendeni Jumapili moja, sio mbali na kwenu. Ni kinamasi kikubwa pembeni ya ziwa Victoria, kimeorodheshwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda vinamasi, tangu 2006, na kina yule ndege Waganda wanamwita bbulwe, mkubwa wa kijivu, mdomo kama kiatu cha askari. Wavuvi wa pale zamani walimuua, waliamini ukikutana naye asubuhi samaki hupati siku nzima. Na kweli walikuwa na ugomvi, yeye anapenda samaki yule yule wanaomtaka, mamba. Ngoja, Waswahili msishtuke, mamba ya Luganda sio mamba yetu, ni kamongo, samaki wa matope, wa kwetu mwenye meno ni goonya. Mgeni wa Mombasa niliyempeleka kule alipoambiwa maji haya yamejaa mamba alitaka kurudi garini.

Leo wavuvi wale wale ndo wanabeba watalii. Tulipita kwenye mfereji mwembamba, mafunjo pande zote mbili, kijana anasukuma mtumbwi na mti mrefu, alafu akaacha, akaonyesha kwa kidevu. Yuko pale hatua thelathini hivi. Hajatikisika. Tulikaa nusu saa nzima, mguu wangu ukafa ganzi, Mmombasa akasema huyu ni wa plastiki. Ghafla akajitupa mzima mzima, kichwa, mabawa, kila kitu, akainuka na fungu la majani mdomoni, akatikisa majani yakadondoka moja moja mpaka akabaki kamongo. Kijana wa mtumbwi alipiga kofi kuliko sisi. Nikamuuliza na ile mikosi ya baba yenu? Akasema mikosi imeisha tulipoanza kulipwa.

Mwambie mzee rentals azijenge nusu ile kavu.

Niko Ntinda, nafanya kazi benki, sina shamba wala muda. Nataka kuchangia lakini naogopa matapeli wa mtandao. Nifanyeje? — Dada wa Ntinda

Dada, picha ya mtoto wa sokwe na namba ya mobile money ya mtu binafsi, pita tu. Shirika la kweli lina usajili, lina ofisi, na lina mtu atakayekubali uende kuona. Uliza lile swali la boda kwa adabu: ile ya mwaka juzi iko hai mingapi?

Alafu sio lazima pesa. NatureUganda wana siku yao ya kuhesabu ndege kila mwaka, mtu yeyote anajiunga, utajua tofauti ya mwewe na kozi bila kulipa chuo. Shule ya mwanao kama haina klabu ya wanyamapori uliza kwa nini, hizo klabu ziko nchini tangu 1975. Ukienda likizo, nenda Bigodi karibu na Kibale, kinamasi kinachoendeshwa na wanakijiji wenyewe tangu 1992, ada yako ya kutembezwa imesaidia kusomesha watoto wa pale. Na kama nyumbani kwenu mna muziro, yaani mnyama wa ukoo ambaye ni mwiko kumla, tuseme nyie ni Ngabi (mbawala) au Nkima (kima), mweleze mtoto kwa nini hamuli, wazee walikuwa wanahifadhi kabla ya neno kuletwa.

Na mkaa, dada. Hapo Ntinda gunia linatoka wapi?

Mzee, hawa makalooli wa Kampala nao ni wanyamapori? Tuwasaidie? — Mwenye duka, Wandegeya

Ni wanyamapori, ni korongo kabisa, na kumuua ni kosa. Msaada hawahitaji, takataka zenu zinawatosha. Wewe usipaki tu chini ya ule mti.